Sababu na Hatia

Binadamu ni kiumbe aulizaye. Apatwapo na jambo asilolielewa, hatulii mpaka amelitafutia asili. Tabia hii ndiyo mama wa elimu zote. Lakini ndani yake yamo maswali mawili yaliyovaa vazi moja. Swali la kwanza lauliza: Jambo hili limeletwa na nini? La pili lauliza: Ni nani wa kulaumiwa? Lugha ya Kiswahili yenyewe yaonyesha jinsi maswali haya yalivyo jirani, kwa kuwa neno sababu hutumika pande zote mbili. Mvua ni sababu ya mafuriko, na hakuna aishitakiye mvua. Lakini mtu akiambiwa, "Wewe ndiwe sababu," hujiona amekwisha kusimamishwa kizimbani.

Kuchanganywa kwa maswali hayo mawili kumeleta madhara makubwa katika habari ya usonji. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo dalili zake huanza kuonekana katika miaka ya kwanza ya utoto. Mwenye hali hiyo huona ugumu katika mazungumzo na maingiliano na watu. Hupenda mno mpangilio ule ule na jambo lile lile. Na sauti, mwanga au mguso ambao kwa wengine si kitu, kwake huweza kuwa maumivu au furaha kubwa. Wako wenye usonji wasiotamka neno maisha yao yote, na wako wafundishao katika vyuo vikuu. Leo Kanner, daktari wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, ndiye aliyeieleza hali hii katika makala mashuhuri ya mwaka 1943, akitoa habari za watoto 11.

Kuhusu asili ya tabia za mtoto, Waswahili wana methali mbili zinazovutana. Moja husema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Nyingine husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Ya kwanza huweka kila kitu katika malezi, ya pili huweka kila kitu katika damu. Mvutano huu si wa Waswahili peke yao. Historia ya usonji katika nchi za Magharibi ni historia ya watu walioishika methali ya kwanza kwa miaka mingi, kisha wakaigeukia ya pili. Na kila moja, ikishikwa bila hadhari, hutafuta mshitakiwa.

Katika makala yake ya kwanza Kanner alidhani kwamba watoto wale walizaliwa na hali yao. Lakini kufikia mwaka 1949 aliandika kwa mkazo juu ya ubaridi wa wazazi wao, akawafananisha watoto hao na vitu vilivyohifadhiwa ndani ya jokofu. Mfano huo ulishika mizizi. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye taabu za akili mjini Chicago, aliufikisha mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1967. Yeye mwenyewe alikuwa amepata kufungwa katika kambi za Dachau na Buchenwald, na akailinganisha hali ya mtoto mwenye usonji na hali ya mfungwa aliyekata tamaa kambini. Mwenye kuifuata hoja hiyo mpaka mwisho hana budi kuuliza: Ikiwa mtoto ni mfungwa, mlinzi wa kambi ni nani? Jibu lilikuwa mama.

Ni vigumu kuupima uzito wa neno kama hilo juu ya kichwa cha mzazi. Mwanamke aliyekesha na mtoto asiyelala, aliyemwita kwa jina mara elfu asigeuke, aliambiwa na watu wa elimu kwamba moyo wake mwenyewe ndio uliomfunga mtoto huyo. Wako waliotenganishwa na watoto wao kwa kuaminiwa kuwa utengano ndio dawa. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye naye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba shitaka hilo halikuwa na ushahidi. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatoa hatiani. Lakini hukumu iliyotolewa kwa sauti kubwa haifutiki upesi kwa sauti ndogo, na katika nchi kadhaa iliendelea kutawala kwa miaka mingi.

Pigo zito kwa methali ya kwanza lilitoka kwa pacha. Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha nchini Uingereza, mwaka 1977, habari za jozi 21 za pacha ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Katika jozi 11 za pacha wa yai moja, ambao urithi wao ni sawasawa, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za pacha wa mayai mawili, hapakuwa na hata moja. Uchunguzi mkubwa zaidi uliofuata ulithibitisha kwamba urithi una nguvu nyingi katika jambo hili. Hata hivyo hesabu ile ile yafundisha jambo la pili, ambalo wengi hulipita: katika jozi 7 za yai moja, pacha mmoja alikuwa na usonji na mwenziwe hakuwa nao, ingawa wengi wa wenzi hao walikuwa na taabu fulani ya usemi au ya kujifunza. Damu ilikuwa moja, na maisha yakawa mbalimbali.

Tangu hapo wataalamu wakageukia chembe za urithi, yaani jeni. Miongoni mwa jeni zilizotazamwa kwa shauku ni zile za kinga ya mwili. Mwili una jeshi lake la ulinzi, na kazi ya kwanza ya jeshi hilo ni kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Alama za utambulisho hufanyizwa kwa maagizo ya kundi la jeni ziitwazo HLA, zilizo katika kromosomu ya 6. Jean Dausset wa Ufaransa alieleza alama ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1958, na mwaka 1980 alishiriki tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Jeni hizi hutofautiana mno baina ya watu, na ndiyo maana kiungo cha mtu mmoja kikipandikizwa ndani ya mwili wa mwingine aghalabu hukataliwa kisipolindwa kwa dawa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ubongo umejitenga na jeshi hilo. Dhana hiyo imekwisha kudhoofika. Mwaka 2000 Carla Shatz na wenzake walionyesha kwa panya kwamba alama za kundi hilo hilo hushiriki katika kuujenga ubongo unaokua. Mwaka 2007 Beth Stevens na wenzake walionyesha kwamba protini za damu ambazo huwekea vijidudu alama ili vifagiliwe, huviwekea alama pia viungo vya neva visivyohitajiwa. Ubongo wa mtoto huota viungo vingi kupita haja, kama shamba lililopandwa mbegu kwa wingi, kisha miche hupunguzwa ili iliyobaki istawi. Yaelekea, basi, kwamba mlinzi wa mwili ndiye pia mkulima wa ubongo. Akipunguza mno au akipunguza kidogo mno, shamba haliwi lile lile.

Kwa hiyo haikuwa ajabu kutafuta uhusiano baina ya kinga na usonji. Katika miaka ya 1990 Reed Warren na wenzake, katika jimbo la Utah, waliripoti kwamba namna fulani za jeni za eneo hilo la kromosomu ya 6 zilionekana mara nyingi zaidi kwa watoto wenye usonji. Mwaka 2005 watafiti wa Johns Hopkins walichunguza ubongo wa watu 11 wenye usonji waliokwisha kufariki, wakakuta chembe za ulinzi za ubongo zikiwa zimeamka kana kwamba vita vinaendelea. Na kabla ya hayo yote palikuwa na ushahidi wa rubela. Katika mlipuko wa miaka 1964 na 1965 nchini Marekani, watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara ya ugonjwa huo ulioshika mama zao wajawazito. Stella Chess aliwachunguza watoto 243 wa namna hiyo, na mwaka 1971 akaeleza kwamba 10 walikuwa na usonji dhahiri na 8 walikuwa na sehemu ya dalili zake, idadi iliyokuwa kubwa kupita ilivyotazamiwa.

Lakini mwenye kupenda kweli hana budi kuitazama mizani kwa pande zote mbili. Mwaka 2011 kundi la wataalamu lililinganisha ubongo wa watu 19 wenye usonji na wa watu 17 wasio nao. Walikuta jeni za neva zimepunguza kazi na jeni za kinga zimeongeza kazi. Walipochunguza asili ya mabadiliko hayo, alama za urithi wa usonji zilionekana katika kundi la jeni za neva. Katika kundi la jeni za kinga hazikuonekana. Pafukapo moshi pana moto. Lakini moshi si moto, na mwenye kumwaga maji juu ya moshi hazimi kitu. Huenda joto la kinga katika ubongo huo ni matokeo ya safari, wala si chanzo chake. Mwaka 2019 ilichapishwa hesabu ya urithi wa watu 18,381 wenye usonji na watu 27,969 wasio nao. Zilipatikana sehemu tano zenye uhusiano thabiti na usonji, na eneo la HLA halikuwamo. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine ulitaja jeni 102; nyingi ni za kuongoza kazi za jeni nyingine na za mawasiliano ya neva. Jeni za kinga, basi, zimo katika mazungumzo, lakini hazijashika usukani.

Wajibu wa kwanza wa maadili katika jambo hili ni kipimo. Aliyeahidi kusema kweli hana ruhusa ya kusema zaidi ya anachokijua, hata kama anayemsikiliza ana njaa ya jibu. Mwaka 1998 makala moja ya London iliyohusu watoto 12 iliamsha hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji. Makala hiyo ilifutwa na jarida lake mwaka 2010, na uchunguzi wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, juu ya watoto 657,461, haukuona uhusiano wowote. Hata hivyo hofu ilikuwa imekwisha kuvuka bahari, na watoto waliokosa chanjo wakashikwa na surua. Ni jambo la kusikitisha zaidi kwa kuwa rubela, ambayo chanjo ile huizuia, ndiyo miongoni mwa vitu vichache vya nje vilivyoonekana kweli kuuandama usonji. Watu walikimbia ngao kwa kudhani kuwa ni mkuki.

Wajibu wa pili ni kutenga sababu na hatia. Hatia yataka vitu viwili: kujua na kuchagua. Mtu asiyejua hana kosa la kutenda, na mtu asiye na uchaguzi hana kosa hata akijua. Mama aliyepata homa akiwa na mimba hakuialika homa. Baba hakuchagua nusu ya urithi aliyompa mwanawe. Zaidi ya hayo, mabadiliko mengi ya jeni yanayohusika na usonji ni mapya: yametokea katika yai au mbegu, na hayakuwamo katika damu ya mama wala ya baba. Na tofauti nyingine za urithi zinazoongeza uwezekano wa usonji, kila moja kwa kiasi kidogo sana, zimetapakaa kwa watu wote. Hakuna nyoka hapa wa kumzaa nyoka.

Wala jeni yenyewe haina wema au ubaya. Mfano mzuri umetoka Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 matokeo ya kazi yake katika nchi hizi, akionyesha kwamba jeni iletayo selimundu ndiyo pia humkinga mtu na malaria. Aipataye kwa mzazi mmoja hupata ngao; aipataye kwa wazazi wawili hupata ugonjwa mzito. Jeni ni ile ile moja. Mwenye kuiita jeni hiyo laana amesahau idadi ya watoto waliookolewa nayo, na mwenye kuiita baraka amesahau kilio cha wale wengine. Yaelekea kwamba jeni za kinga zote zimepitia soko la namna hii, ambamo kila ulinzi hununuliwa kwa bei.

Hapo hutokea pingamizi la haki. Yasemwa: Ikiwa sababu si hatia, je, elimu haiwezi kuigeuza kuwa hatia? Asiyejua habari ya rubela hana kosa, je, ajuaye? Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake ni kwamba elimu huzaa wajibu, lakini wajibu huo humwangukia mwenye uwezo. Msichana wa kijijini hawezi kutengeneza chanjo wala kuisafirisha. Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya surua na rubela pamoja mwaka 2014. Tendo kama hilo ndilo jibu la kweli kwa ushahidi wa Stella Chess: jamii iliyojua imebeba mzigo ambao mama peke yake asingaliweza kuubeba. Jamii ijuayo isitende, kisha imgeukie mama na kumhoji, imefanya dhuluma mara mbili.

Kwa jamii za Afrika Mashariki shauri hili si la mbali. Uchunguzi wa watoto wachache wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2006 uliripoti kwamba kwa baadhi yao usonji ulifuata malaria kali; na malaria ni vita ambavyo kinga ya mwili hushiriki kwa nguvu zake zote. Lakini katika nyumba nyingi maelezo yasikiwayo kwanza ni uchawi au laana, na aghalabu kidole huelekezwa upande wa mama. Elimu ya jeni yaweza kuvunja shitaka hilo. Yaweza pia kulivika koti jipya. Ni desturi kwamba kabla ya posa kukubaliwa, wazee huuchunguza ukoo: je, kuna kifafa, kuna wazimu, kuna jambo lililofichwa? Habari kwamba usonji umo katika damu ikifika barazani bila maelezo yake, dada wa mtoto mwenye usonji huenda asiposwe, na mama yake huenda arudishwe kwao. Neno jeni litakuwa limefanya kazi ile ile ya neno laana, tena kwa heshima zaidi, kwa sababu limetoka maabara.

Iko hofu nyingine, nayo yatoka kwa wenye usonji wenyewe. Katika miaka ya 1990 baadhi yao, hasa Marekani, walianza kusema hadharani kwamba wao si watu waliofichwa nyuma ya ugonjwa, wakingoja kufunguliwa. Usonji ni namna yao ya kuwa watu. Kwao utafutaji wa jeni una mwisho wa kutisha: siku moja mimba itapimwa, na aliye kama wao hatazaliwa. Wazazi wa mtoto asiyesema, ajigongaye kichwa ukutani na asiyejua hatari ya barabara, hujibu kwamba wao hawana nafasi ya falsafa. Wanataka msaada, na asili ikijulikana msaada waweza kupatikana. Pande hizi mbili husikika kama maadui. Lakini zikisikilizwa vema, mzazi analalamikia maumivu, na mwenye usonji anatetea nafsi. Kuondoa kifafa, kuleta usingizi, kutuliza tumbo liumalo, hayo ni kumtumikia mtu. Kumzuia mtu asiwepo kwa sababu yu tofauti ni jambo la namna nyingine, na hakuna jeni, ya kinga au ya neva, iwezayo kumwambia hakimu ni uhai upi unastahili. Swali hilo halimo katika kromosomu ya 6. Limo katika dhamiri ya watu watakaozisoma kromosomu hizo.

Basi elimu hii haifai kukatazwa. Ujinga ndio uliomweka mama kizimbani kwa miaka mingi, na ni elimu iliyomtoa. Lakini yafaa ipokewe kama ushahidi, isipokewe kama hukumu. Na mwenye kuitangaza aseme pamoja nayo mambo matatu: ni kiasi gani kinajulikana, ni nani asiyeweza kulaumiwa, na ni nani sasa ana wajibu. Anayesema la kwanza na kuyaacha mawili amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo yaweza kuua.

Wakati wataalamu wakiendelea kubishana juu ya moto na moshi, mtoto mwenye usonji anakua. Anahitaji mwalimu mvumilivu, darasa lisilo na makelele, majirani wasiomfungia mlango, na mama asiyeinamisha uso akipita sokoni. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachongoja jibu la maabara.